Ndugu yetu kwenye kamba ya nanga

Jana maji yalipokupwa nilikuwa namsaidia mjomba kukwangua kamba ya nanga. Nikakuta kifuko laini kimegandia, nilipokibana kikanirushia maji usoni kupitia vitundu viwili. Mjomba akasema, "Dude tu hilo, kwangua." Mkono wangu ukasita, kwa sababu nilimjua: ni mnyama wa baharini anayeitwa kwa Kiingereza "sea squirt".

Jamani, huyo ni kordata, kundi letu sisi! Akiwa mchanga hufanana na kiluwiluwi. Anaogelea, ana mkia, na mkiani mna notokodi, kijiti kinachonyumbulika, chenye neva juu yake, ambacho ndicho alama ya kordata. Akishajibandika mahali, mkia wote huyeyuka. Zamani wataalamu walimhesabu pamoja na chaza na konokono, mpaka Mrusi Alexander Kovalevsky alipoionyesha notokodi yake mwaka 1866.

Sisi nasi tulikuwa nayo tumboni mwa mama. Kwetu, pingili za uti wa mgongo zikachukua nafasi yake, na fuvu likaulinda ubongo. Yeye pingili hana, fuvu hana. Masalio ya notokodi yetu yamo katikati ya zile diski laini kati ya pingili, hizo hizo zinazomsumbua mjomba akivuta nyavu.

Nilipomweleza, alijishika kiuno, akakiangalia kifuko kwa muda mrefu. Tumekiacha palepale.