Sauti Inayotokea Nyuma ya Magoti

Jumapili, usiku

Nimeacha kubeba amplifaya yangu ya gitaa ya valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, kwenye maonyesho, na sijutii. Naliweka hilo mwanzoni ili anayesoma asidhani naelekea kuililia.

Yenyewe ni Fender Twin Reverb, ile inayotengenezwa kwa mfano wa ya mwaka 1965: wati 85, spika mbili za inchi 12, valvu nne kubwa za 6L6 za kutoa nguvu na safu ya valvu ndogo kabla yake. Uzito kilo 29. Kuipakia kwenye bajaji kunataka watu wawili na dereva mwenye subira. Nafasi yake imechukuliwa na HX Stomp ya kampuni ya Line 6, kompyuta ndogo ya kukanyaga kwa mguu inayoingia kwenye mfuko wa gitaa pamoja na nyuzi za akiba. Ndani yake Twin imo pia kwa kuigwa, ila imepewa jina la kuzungukia mbali: US Double. Na si hao tu. Fender wenyewe mwaka 2019 walitoa Twin isiyo na valvu hata moja, wakaiita Tone Master. Ukiitazama kwa mbele ni ileile. Ndani kuna kompyuta na mtambo wa wati 200, maana nguvu zote hizo zinahitajika ili kufikia ukelele wa zile wati 85 za valvu. Kilo 15 tu. Mwenye kiwanda akishakubali kujiiga mwenyewe, sisi wengine tunabishana nini?

Mabishano mengi ya valvu na dijitali nadhani tumeyarithi kutoka kwenye roki. Kule London mwaka 1962 Jim Marshall na mafundi wake walichukua mchoro wa amplifaya ya Fender Bassman, wakajenga ya kwao, na vijana wakaifungua hadi mwisho ili ikwaruze. Mkwaruzo huo ndio unaogombewa mpaka leo. Sisi wa dansi tunataka kinyume chake. Tunataka nyuzi za juu zisikike moja moja, safi, hata chemko, ile sehemu ya wimbo ya kuchezeka, likishika kasi na magitaa ya solo, second solo na rithimu yakawa yanasukana. Twin yenyewe imependwa kwa sababu haikwaruzi kirahisi. Hata kazi ya kuugeuza umeme wa ukutani ndani yake inafanywa na dayodi, si valvu, kwa hiyo haizami ukiipiga kwa nguvu kama Fender nyingine za zamani. Na Roland JC-120, iliyotoka 1975, ni transista tupu lakini kwa sauti safi wengi wanaiheshimu kuliko za valvu. Mtu akianza kunihubiria joto la valvu kwenye rumba huwa namuuliza ni joto gani, maana lile la kuunguza vidole nalijua vizuri.

Hata hivyo kuna kitu. Valvu ikisukumwa hubana kidogo kabla ya kukwaruza. Vilele vya mawimbi havikatwi ghafla, vinaviringwa, na zinazaliwa sauti ndogo za juu ambazo sikio linazipokea kama unene. Kidole kinajua. Ukigusa kwa upole inatulia, ukikaza mkono inakujibu. Kile kisanduku chekundu cha kuiga amplifaya, POD, kilichotoka 1998 hakikuliweza hilo, kila noti ilitoka kama imepigwa pasi. Vya sasa vinaliweza, au vimekaribia kiasi kwamba nikifumba macho nikasikiliza rekodi zangu mbili siwezi kuapa ipi ni ipi. Siku hizi ipo hata programu ya bure, Neural Amp Modeler, ambayo inafundishwa amplifaya kama mwanafunzi: unapitisha sauti maalumu kwenye amplifaya halisi, programu inalinganisha kilichoingia na kilichotoka, inarudiarudia hadi inashika tabia yake.

Wengine wanasema dijitali inachelewa. Ni kweli, inachelewa kwa milisekunde chache. Lakini sauti hewani inakwenda karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliyesimama mita tatu kutoka kwenye Twin yake anaisubiri karibu milisekunde 9, na sijawahi kumsikia akilalamika.

Kwa hiyo kwa nini narudi nyumbani na kinyongo kila nikipiga na kisanduku changu, ile HX Stomp? Leo mchana nimekaa na vyote viwili sebuleni, jirani wakavumilia, na nafikiri nimepata pa kuanzia. Kisanduku kinaiga Twin iliyowekewa maikrofoni. Hatua ya mwisho ya hesabu zake ni picha ya jinsi spika ilivyosikika na maikrofoni iliyosogezwa hadi sentimita chache kutoka kwenye kitambaa. Msikilizaji wa santuri hajawahi kusikia kitu kingine. Hata mtu wa ukumbi mkubwa hajasikia kingine, kwa sababu Twin nayo fundi mitambo huiwekea maikrofoni na kuipeleka kwenye mikisa, mashine yake ya kuchanganya sauti. Kwake yeye aliyekaa karibu na kaunta, hakuna kilichobadilika, na ndiyo maana hajawahi kuniuliza amplifaya yangu iko wapi. Waliopungukiwa ni mimi na wenzangu tulio jukwaani.

Twin inakaa sakafuni. Sauti yake inatokea nyuma ya magoti yangu, inapita kati ya miguu, inamfikia mpiga drams upande wake wa kulia na mpiga rithimu upande wake wa kushoto, kila mmoja kwa namna yake, bila mtu yeyote kuigawa. Nikitaka kujisikia zaidi narudi nyuma hatua moja. Rithimu akitaka kunisikia zaidi ananisogelea. Hakuna anayeomba ruhusa. Na muziki wetu unategemea hilo kuliko tunavyokiri. Mpiga rithimu mzuri hapigi kwa kuhesabu. Anasikiliza noti ya solo inapoangukia, anajaza tundu lililobaki, na second solo anapita katikati yao. Wakisikiana kwa kuchelewa au kwa ukungu, kila mmoja anapiga bila kosa lakini wimbo haupo.

Nikitumia kisanduku, kila kitu kinatoka kwenye monita, spika ya kujisikilizia jukwaani: mwimbaji, solo, rithimu, hata kinanda, vyote kutoka tundu moja mbele ya miguu. Sikio linashindwa kumtenga mtu kwa upande aliosimama. Juzi kaka yetu wa rithimu aliinama katikati ya wimbo akaniuliza, "Upo?" Nilikuwepo, tena napiga kwa bidii. Kumuomba fundi mitambo aniongeze kwenye monita yake kulihitaji kwanza fundi mitambo ainue macho kutoka kwenye simu.

Wanaoandika majaribio ya vyombo hivi wanapiga peke yao chumbani, au wamevaa spika za masikioni. Sishangai kwamba hilo halimo kwenye hukumu zao.

Upande wa umeme sina cha kutetea valvu. Twin inategemea volti 230 kamili, na valvu zinawashwa na volti 6.3 zinazotoka kwenye transfoma hiyohiyo. Umeme wa ukumbi ukishuka, na zenyewe zinapoa, sauti inakuwa ya mtu aliyeamka sasa hivi. Ukipanda ghafla ndiyo kiama. Halafu kuna valvu zenyewe. Viwanda vikubwa vilivyobaki duniani ni vya kuhesabu kwa vidole, Urusi, Slovakia na China, na mwaka 2022 Urusi ilipozuia kwa muda zisitoke nje, bei ilipaa hata kwa aliyekuwa anaagiza za Slovakia. Mimi naziagiza kwa mtu anayesafiri, zinakuja zimefungwa ndani ya soksi.

Ila fundi wangu akiiona Twin anafurahi. Ni mzee aliyejifunza kazi kwenye redio za valvu, zile za kabati la mbao, na anajua kwamba ndani ya chombo hiki kuna zaidi ya volti 400 na kwamba kapasita zinaendelea kuzishika hata baada ya kuchomoa waya. Anazimaliza kwanza kwa rezista, anapuliza vumbi, kisha ndipo anakaa. Kila kilichomo anaweza kukibadilisha kwa chuma cha kulehemu. Nilimpelekea kisanduku kilipogoma kuwaka, akakifungua, akatazama zile chipu ndogo kama punje za ufuta, akafunga. "Hiki, mwanangu, kina watu wake," akaniambia, wala hakutaka hela. Kumbe shida ilikuwa kwenye adapta. Lakini jibu lake ni la kweli, na hiyo ndiyo gharama ambayo haimo kwenye bei ya dukani.

Basi wiki hii nimejaribu njia ya katikati. Nimeazima spika yenye mtambo wake ndani, ya inchi 12, nikaiweka sakafuni nyuma yangu mahali palepale pa Twin. Kisanduku kinatoa sauti kwa njia mbili: moja inakwenda kwa fundi mitambo ikiwa na ile picha ya maikrofoni, nyingine inakuja kwenye spika yangu, na hii nimeipunguza ukali wa juu hadi ikaacha kusikika kama rekodi. Haina ule msukumo wa Twin tumboni. Lakini mazoezini Alhamisi dogo wa drams aliacha kunitazama mikono ili ajue nimefika wapi, na rithimu alirudi kusimama upande wake wa zamani bila kuambiwa na mtu. Tukapiga chemko moja refu, la kupita kiasi, mpaka mwimbaji akakaa.

Fundi mitambo naye ameshaanza kuniambia nipunguze.