Siku moja maishani mwangu: mhandisi mwandamizi, msimbo mistari kumi na minne

Saa 11:40 alfajiri. Kimara, Dar es Salaam. Nawahi basi la mwendokasi kabla foleni haijanoga. Nasimama mpaka kituo cha Morocco, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine kwenye simu. Dogo wa timu yetu kaandika usiku: "Mkuu, kuna mama analalamika salio lake limekatwa mara mbili."

Saa 2 asubuhi. Huyo mama anauza vocha za kurusha kupitia programu yetu. Anasema ilikuwa saa 1:48 usiku. Seva zinatumia saa za Greenwich, sisi tupo mbele kwa saa 3, halafu Mswahili ana hesabu yake. Kwa hiyo naitafuta kwenye 16:48. Hii hapa. Mistari miwili, 10,000 na 10,000, namba ya kumbukumbu ileile, imepishana sekunde 31. Upande wa pili ulichelewa kujibu, mfumo wetu ukadhani ombi limepotea, ukatuma tena na kukata tena.

Saa 3. Kikao cha kusimama, kile kifupi cha timu cha kila asubuhi, ambacho sote tumekaa. Meneja wangu ananiuliza, "Kaka, lini inaisha?" Ijumaa, nasema. Dawa yenyewe ndogo: hifadhidata ikatae namba ya kumbukumbu iliyokwisha kuandikwa. Ila haitakubali sharti hilo wakati marudio ya zamani bado yamo, lazima tuyasafishe kwanza. Bosi wa biashara anataka kesho, na yuko tayari kutuazima vijana watano.

Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa za IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye kazi iliyochelewa unaichelewesha zaidi. Watu 5 wana njia 10 za kuambiana mambo. Wakiwa 10, njia 45. Mwaka jana nilipanda mwenyewe kwa bosi nikamchorea njia hizo kwa mishale ubaoni. Aliangalia saa yake. Leo kapanda dada meneja, hakuchora kitu: "Kesho tunarudisha pesa za watu kwa mkono, Ijumaa tatizo limekwisha." Kashuka baada ya dakika sita na Ijumaa yetu. Hapo nampa heshima yake, maana mimi ningekuwa bado naeleza.

Saa 5. Dogo ananionyesha suluhisho lake: mfumo uangalie kwanza kama namba ipo, isipokuwepo ndipo uandike. Mikono yangu naiweka chini ya meza, isije ikaenda kwenye kibodi.

"Na maombi mawili yakifika kwa pamoja?"

Kimya. Anafungua chupa ya maji, anaifunga bila kunywa. "La kwanza linaangalia... halipo. La pili nalo linaangalia..." Anajishika kichwa. "Aah. Yote mawili yanaandika!"

Ningemwambia tangu mwanzo tungeokoa dakika arobaini. Tungezilipa mwezi ujao, usiku, kwa simu yangu.

Saa 7. Wali maharage kwa mama ntilie, na dada meneja. Zamani alikuwa mkali wa programu; sasa ana miezi minane hajaandika hata mstari. Wiki hii ana usaili, likizo za watu, na kijana mmoja anayetaka kuacha kazi. "Umeneja wa timu ya pili unafunguka," anasema. "Chukua, kaka. Mshahara wako hauna njia nyingine ya kupanda."

Hapo ndipo linaponikera. Kampuni kubwa za Marekani zina ngazi mbili, fundi anapanda ya kwake bila kusimamia mtu na analipwa kama bosi. Kwetu ngazi ni moja. Tunampoteza fundi mzuri, tunapata meneja anayekagua msimbo wa watu saa sita usiku kwa sababu ameumiss.

Saa 9 hadi 11. Hatimaye, kazi niliyosomea. Nimeandika mistari 14, nimefuta 60.

Saa 12:30 jioni. Kituoni Morocco, foleni ndefu. Nafungua fomu ya kuomba kupandishwa daraja. Kuna kisanduku cha lazima: "Idadi ya watu unaowasimamia." Naandika 0. Fomu inagoma, kisanduku kinakuwa chekundu. Naandika 1, namkumbuka dogo na ile chupa yake ya maji. Imepita.