Bunduki ya gumegume ya mtumba: angalia cheche, usiangalie rangi

Watu wengi wameniuliza kuhusu zile picha nilizowaonyesha za bunduki inayotoa moshi mweupe mpaka aliyeishika haonekani, kwahiyo leo naandika yote kwa pamoja. Ile ni bunduki ya gumegume, yaani gobore la kushindilia kwa mdomoni ambalo baruti yake inawashwa na cheche za jiwe, hakuna fataki (kile kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa na nyundo) wala risasi ya ganda. Tofauti yake na magobore tuliyokuwa tunayasikia kwa wazee ni kwamba ndani ya mtutu ina mifereji inayoizungusha risasi, ndo maana inalenga vizuri. Ni kopi iliyotengenezwa Italia ikauzwa na kampuni ya Lyman ya Marekani, modeli inaitwa Great Plains Rifle, kwa kufuata bunduki za kina Hawken, ndugu wawili waliokuwa mafundi pale St. Louis karne ya 19. Nyingi za Hawken zenyewe zilikuwa za fataki lakini kopi wanatengeneza za aina zote mbili, na mimi roho yangu ilikuwa kwenye ya jiwe.

Mwenye nayo ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anaishi Pennsylvania na familia yake. Mimi nilienda kumtembelea, na kazi ya kukagua akaniachia mimi maana anajua haya mambo nayafuatilia tangu niko shule. Na kabla hujauliza, hapana, huwezi kushuka nayo pale Airport ya Julius Nyerere ukapanda zako bajaji. Hapa kwetu gobore ni silaha kama silaha nyingine, bila kibali cha polisi ni kesi. Kule sheria yao ya mwaka 1968 inazihesabu bunduki za namna hii, hata kopi zake, kama vitu vya kale, ila kila jimbo lina masharti yake na mdogo wangu aliyasoma yote kabla hajatoa hata dola moja.

Sasa tuje kwenye kununua. Muuzaji alikuwa mzee mmoja, bunduki ilikuwa imetundikwa ukutani juu ya mahali pa kuotea moto, mbao inang'aa, shaba inang'aa, na mdogo wangu ameshaanza kutabasamu. Nikamwambia kwa Kiswahili tulia kwanza. Ni kama bodaboda ya mtumba, tangi jipya halikwambii chochote kuhusu injini.

Kitu cha kwanza kabisa, kabla ya bei, ni kujua kama ndani mna baruti. Sitanii, magobore ya ukutani mengi yamekutwa yameshindiliwa na watu wakafa, kwasababu baruti nyeusi ikikaa pakavu haichachi, inakaa miaka na miaka inakungoja. Njia ni rahisi: chukua mdeki, yaani ule ufito wa kushindilia, uingize kwenye mtutu mpaka ugote, weka alama kwa kidole pale mdomoni, utoe, ulaze kwa nje. Ncha ikifika usawa wa kile kitundu cha pembeni kinachopitisha moto, mtutu uko mtupu. Ikiishia mbali na kitundu basi kuna kitu ndani na usiichezee. Yetu ilifika. Nikapiga na mluzi wa furaha.

Halafu mtutu. Nilifunga kitambaa cheupe kwenye mdeki nikakisukuma mpaka chini nikakitoa taratibu. Kilitoka na rangi ya kahawia kidogo, yale mafuta ya zamani, sio kutu ya kukwaruza. Sehemu ya kuogopa ni kule mwisho kabisa baruti inapokaa, maana masizi ya baruti yanavuta unyevu na mtu akipiga akaiweka bila kuosha, kutu inakula pale pale ambapo huoni. Ukisikia kitambaa kinakwama kwama au kinarudi na nyuzi zimechanika, ondoka. Juu ya mtutu kulikuwa na maandishi kwamba ni kwa baruti nyeusi tu, na mhuri wa Italia wenye herufi PN, ambao maana yake mtutu umepimwa kwa baruti hiyo. Kopi isiyo na mhuri wowote siishauri kwa mtu ninayempenda. Mbao nilizikagua pale nyuma ya mtambo wa kufyatulia ambapo ni pembamba, ndo panapasukaga, ilikuwa nzima.

Lakini roho ya bunduki hii ni mtambo. Unavuta nyundo nusu, inatakiwa ikae, hata ukiminya traiga isidondoke. Yetu ilikaa. Nikamuomba mzee ruhusa nijaribu cheche, mtutu mtupu, bila baruti, taa tumezima. Nikafyatua, vikatoka vicheche viwili vitatu vyekundu vikafa hapo hapo. Mdogo wangu uso ukashuka. Nikaliangalia jiwe, makali yameisha kabisa na limekaa upande, halafu limebanwa chuma kwa chuma bila ngozi. Mzee alikuwa na jingine kwenye kikopo, nikalizungushia kipande cha ngozi, nikalinyoosha makali yaguse lile bamba la chuma linalogongwa na jiwe, kwa upana wake wote, nikakaza skrubu. Nikafyatua tena, aisee, mvua ya cheche nyeupe ikashuka moja kwa moja ndani ya kifa, kile kisahani cha baruti ya kuwashia, na nyingine ziliendelea kuruka ruka mle ndani. Hapo nikajua bamba lina chuma kigumu, shida ilikuwa jiwe tu. Kama jiwe zuri halitoi cheche, bamba limechoka na kulirudisha ugumu wake ni kazi ya fundi anayejua moto. Alitaka dola 450, tukamuonyesha lile jiwe bovu na ule ukahawia wa mtutu, akatuachia kwa 400 pamoja na pembe ya baruti na kile kikopo.

Kwenye kupiga ndo kuna maneno mengi ya uongo. Watu wanasema gumegume ni polepole, unafyatua unahesabu mpaka tatu ndo inalia. Iliyotunzwa vizuri sio hivyo, ni kacha-boo, karibu mlio mmoja. Inayochelewa ni ile ambayo kitundu kimeziba, maana moto unaotoka kwenye kifa unakosa njia ya kurukia ndani. Ndo maana tulikuwa na pini nyembamba ya kuzibua kila baada ya mlio. Na baruti iwe nyeusi yenyewe, ya shura, mkaa na kiberiti cha unga, yaani salfa (asilimia 75, 15 na 10), zile mbadala za kisasa zinahitaji joto kubwa zaidi kuwaka, kwenye fataki zinaenda ila kwenye jiwe zinakuangusha.

Tulienda kwenye uwanja wa shabaha, miwani na viziba masikio vyote vipo. Baruti grain 70, hiyo ni kama gramu nne na nusu, tunapima kwenye kipimo cha shaba kwanza halafu ndo tunamimina mtutuni, kamwe usimimine kutoka kwenye pembe moja kwa moja, maana kikibaki kikaa chenye moto mle ndani basi pembe nzima inakulipukia mkononi. Juu yake kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta ya ng'ombe na nta, risasi ya duara ya inchi .490 katikati ya kitambaa, unasukuma kwa kigongo kifupi, halafu mdeki mpaka ikae kabisa juu ya baruti. Hapa usifanye haraka. Risasi ikibaki katikati ya njia ikiacha nafasi, mtutu unaweza kupasuka. Tulichora alama kwenye mdeki, alama ikiwa usawa wa mdomo tunajua imekaa. Mwisho ndo unatia baruti laini kidogo kwenye kifa, unafunga bamba, unavuta nyundo.

Zile za mwanzo zilienda kushoto, tukagonga saiti kidogo kidogo. Kitu kigumu ni jicho lako mwenyewe. Moto unawaka sentimita chache kutoka usoni na mwili unataka kujikunyata kabla risasi haijatoka mdomoni, kwahiyo unatakiwa uendelee kulenga mpaka baada ya moshi, uangalie shabaha tu kama vile hakuna kilichotokea. Mdogo wangu alilishika hilo haraka kuliko mimi, na tulipoanza kufuta mtutu kwa kitambaa kibichi kila baada ya mlio, matundu yake kwenye karatasi ya yadi 50 yakaanza kukaa pamoja, unaweza kuyafunika na kiganja. Mara moja iliwaka kifa tu, ndani kimya. Mdomo wa bunduki ukabaki kule kule kwenye shabaha, tukangoja dakika nzima na zaidi, ndo tukazibua kitundu tukatia baruti upya, ikalia. Hiyo dakika usiipunguze hata kama kuna watu nyuma wanasubiri zamu.

Niliporudi Dar nikaenda Mbagala kwa babu, yeye ni Mmatumbi wa Kipatimu, na enzi za ujana wake alikuwa na gobore la fataki la kufukuzia nguruwe shambani. Nikamuonyesha video.

"Shikamoo babu, tazama hii."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona inawaka pembeni? Hii ya jiwe! Hii baba yangu ndo alikuwa nayo. Mlishindilia na nini?"

"Kitambaa babu, na mafuta."

"Sisi makumbi. Na risasi inaingia kwa nguvu au inadondoka?"

"Kwa nguvu, tunaisukuma."

"Basi hiyo inapiga," akasema, akairudisha video mwanzo.

Nilimuuliza kwanini kwao zile za jiwe zilikaa muda mrefu hivyo wakati Ulaya walishaziacha kuanzia miaka ya 1840. Yeye alisema ndo zilizokuwepo. Na kweli, mkataba wa Brussels wa 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika, ila waliruhusu gumegume zisizo na mifereji pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Maana yake miaka 15 baadae, Julai 1905, wakati watu wanang'oa pamba pale Nandete, huko huko Umatumbini, na vita vya Maji Maji vinaanza, waliokuwa na bunduki wengi walikuwa na magobore, na Mjerumani ana bombomu, bunduki ya kumimina risasi mfululizo. Mimi nimeshindilia mtutu kwa mikono yangu, juani, nimetulia, nina kipimo cha shaba, na bado ni nusu dakika na zaidi kwa risasi moja. Tangu siku ile nawaheshimu wale watu kwa namna ambayo kitabu cha darasani hakikunipa.

Kuosha ni siku hiyo hiyo, sio kesho. Maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa kitoke cheupe, kausha, mafuta ndani na nje, mtambo unautoa unausafisha peke yake. Kwa hewa yetu ya Dar yenye chumvi ingekuwa lazima kuiangalia tena kila wiki, kule mdogo wangu anaiangalia kila mwezi na ananitumia picha ya kitambaa. Saivi anafanya mazoezi kwa ajili ya msimu wa kuwinda paa wa Pennsylvania unaoanza siku moja baada ya Krismasi, maana huo msimu, tangu 1974, ni wa bunduki za jiwe tu. Tumekubaliana ajaribu baruti grain 80 kwenye karatasi kwanza, na mawe mapya ameshaagiza.