Mpe Viatu Kwanza

Mwaka 2014, pale Nachingwea, nilikuwa namsaidia fundi mmoja wa kuandika mabango. Kijana mwenye kibanda cha gemu karibu na soko alitaka ukutani kwake achorwe mwanamke shujaa mwenye upanga. Mfano akatuonyesha kwenye simu: Red Sonja, shujaa wa kike wa katuni za Kimarekani, nywele nyekundu, amevaa sidiria na chupi ya vipande vya chuma, basi.

Fundi alikuwa ameshaweka mistari ya mkaa alipopita bibi jirani yetu, Mmakonde wa Msumbiji aliyebaki huku baada ya vita. Tukamwamkia. Akaitikia, akasimama, akaukagua ukuta.

"Huyu anakwenda wapi?"

"Vitani, bibi."

"Na miiba? Akilala chini kuvizia, hilo tumbo je?"

Akatueleza. Alifundishwa bunduki hapa hapa Nachingwea, kambi ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, baada ya kikosi cha wanawake kuanzishwa mwaka 1967. Walivuka Ruvuma na masanduku ya risasi kichwani. Walilinda vijiji, wakalea yatima. Walivaa suruali na mashati ya mikono mirefu. Hakuwa anajisifu, alikuwa anamsahihisha fundi.

Mimi historia ya ile picha niliijua, nami nilikuwa upande wa bibi. Sonja alipotokea mara ya kwanza mwaka 1973, katika katuni za Marvel, alivaa shati la minyororo ya chuma. Muda si mrefu mchoraji Esteban Maroto akambakizia vile vipande, na wachoraji wakavishikilia kwa miongo. Naamini hapo ndipo alipoacha kuchorwa kama mpiganaji, akawa wa kutazamwa tu. Wakati sisi tuko pale ukutani, mwandishi Gail Simone alikuwa ameshaanza kuandika visa vyake, tangu 2013, na wachoraji wanawake wakipewa kuchora majalada yake. Mwaka 2016 mchoraji Nicola Scott akambunia vazi jipya.

Mwenye kibanda alilalamika kwamba wateja hawatavutiwa. Bibi hakubishana naye. Alimgeukia fundi: "Mwanangu, mpe viatu kwanza."

Tukafuta kwa kitambaa chenye maji. Sonja akapata buti, suruali, shati na mkanda wa risasi. Namna ya kuuvaa mkanda bibi alimwonyesha fundi kwa kanga yake. Nywele nyekundu zilibaki. Kijana akakubali, ila kwa sharti kwamba upanga uongezwe, na fundi akaurefusha mpaka ukapita juu ya mlango.