Mbuzi wa Pugu

Desemba 1998, shule zimefungwa, babu alinichukua kwenda Pugu. Tulipanda daladala Kariakoo, tukabadilisha Gongo la Mboto, tukashuka Kajiungeni. Nilikuwa na miaka 12, na njia nzima nilijua tunakwenda kuiona shule aliyofundisha Mwalimu Nyerere kabla hajaacha ualimu mwaka 1955. Sisi watoto wa Ilala, Pugu tuliijua kwa hilo tu. Babu hakugeuza hata shingo upande wa shule. Alishika njia ya miguu inayoingia msituni.

Pugu si mlima wa kutisha. Sehemu zake za juu ni kama mita 300 tu, ila kwa mtu aliyezaliwa kwenye tambarare ya Dar es Salaam, ukipanda pale unajiona umefika nchi nyingine. Maji ya vilima hivyo ndiyo yanayoteremka na Mto Msimbazi mpaka baharini, pale Daraja la Salender. Udongo wake una weupe wa unga. Wajerumani waliuchimba, wakaacha mapango ambayo leo ni makazi ya popo. Babu aliinama, akaokota bonge, akalitemea mate na kulifikicha kiganjani.

"Shika. Ukilowa unateleza kama sabuni. Bibi yangu alianguka huku sijui mara ngapi, anamvuta mbuzi."

Kisha akaanza kunisimulia, taratibu, huku tunatembea.

Bibi yake alikuwa msichana wa rika langu. Wamisionari Wabenediktini wa Kijerumani walikuwa wamejenga Pugu mwaka 1888, mwaka uleule pwani ilipowasha moto dhidi ya Wajerumani chini ya Abushiri bin Salim. Tarehe 13 Januari 1889 misheni ilivamiwa, wamisionari watatu wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Tarehe hizo nilizisoma ukubwani. Babu hakuwa nazo. Yeye alikuwa na mbuzi.

Msichana na watu wa kwao waliposikia bunduki walikimbilia msituni. Kwanza waliwakimbia wavamizi, halafu wakaogopa kutoka, maana Mdachi, yaani Mjerumani, angekuja kulipiza, naye angejuaje nani alikuwemo na nani hakuwemo? Mbuzi alikuwa analia. Mama wa msichana akachana kipande cha nguo, akamfunga mdomo, akawa anamfungulia usiku tu ale majani, mkono wake umeshika shingo ya mnyama muda wote. Siku ya nne walipomfungua kabisa, alikaa kutwa nzima bila kutoa sauti.

Babu alisimama aliposema hivyo. Nami nilisimama.

Abushiri alinyongwa Pangani Desemba ya mwaka huohuo, Mdachi akabaki. Yule msichana akaolewa, akazaa wavulana wawili. Ikaja vita ya 1914, na wanaume wakawa wanakamatwa kubebeshwa mizigo ya majeshi, iwe ya Mdachi au ya Mwingereza aliyeingia Dar es Salaam Septemba 1916. Bibi alimpeleka mwanawe mkubwa palepale alipojificha yeye utotoni. Huyo ndiye aliyemzaa babu. Mdogo wake alikamatwa njiani akitoka kisimani, na hakurudi.

Mjini, kwenye Sanamu la Askari, la kumbukumbu ya vita hiyo, wapagazi wametajwa kuwa ndio miguu na mikono ya majeshi. Majina yao hayapo. Walikufa makumi ya maelfu, na mpaka leo nikipita pale namtafuta kijana wa kisimani. Inaniuma.

Nilimwomba babu anionyeshe hapo mahali.

"Sipajui," alisema. "Baba alipajua, ila hakunionyesha. Bibi alimkataza."

"Kwa nini, babu?"

"Alisema hapo amepahitaji mara mbili."

Tukateremka. Kwenye daladala babu alikaa dirishani, kiganja kimekauka weupe, na hakukifuta mpaka tunafika Buguruni.