Tulipofungua mifuko Songo Mnara

Tulivuka kutoka Kilwa Masoko kusi ikivuma, mawimbi yakipanda juu ya kayaki karibu njia nzima. Tulipofika kisiwa cha Songo Mnara, kabla hata ya kuinjika chai, tulitandaza turubai tukamwaga juu yake vifaa vyote vya dharura.

Mfuko wa mwenzangu wa kuzuia maji, ule wa kukunja mdomo, ulikuwa na maji ya kutosha nusu kikombe. Haukutoboka. Mdomo ulikunjwa mara mbili tu, na kipande cha kamba kikabanwa kwenye mkunjo. Maji yakapita hapo hapo. Mfuko wa namna hii unataka mikunjo mitatu au minne iliyonyooka, hewa ikiwa imekamuliwa. Hata ukifungwa vizuri hivyo, unazuia marasharasha na kuzama kwa muda mfupi, si kulala saa nzima katika maji yanayosukwasukwa chini ya kayaki.

Fataki zake mbili nyekundu za mkononi, za kuwasha kuomba msaada, zilikuwa zimevimba ganda. Fataki yenye unyevu huenda isiwake kabisa, au iwake ovyo na kukurushia cheche mkononi. Hakuna kuianika juani na kuirudisha kwenye akiba. Tulizitenga.

Redio yake ya VHF, ya mawasiliano ya baharini, ilikuwa na alama ya IPX7, yaani hustahimili nusu saa katika maji yenye kina cha mita moja. Maji yasiyo ya chumvi, lakini, na vifuniko vikiwa vimekaa sawasawa. Kifuniko cha mpira cha tundu la chaji kilikuwa kimelegea na pini zimeanza kufanya ukijani. Tuliosha kwa maji ya kunywa, tukakausha, tukaijaribu kwa kuitana kwenye chaneli ya 72. Ile ya 16 ni ya dharura na miito, haichezewi.

Fataki zangu zilikuwa kavu, ndani ya kopo la plastiki la mdomo mpana, kifuniko cha kuzungusha chenye mpira, na vipakiti vya silika jeli vya kunyonya unyevu. Filimbi, kioo na kirusha ishara za dharura kwa setilaiti cha 406 MHz vilikaa kwenye jaketi okozi, vimefungwa kwa uzi mfupi. Kayaki ikipinduka, mkondo huondoka nayo pamoja na kila kilichomo.

Kabla ya kuondoka tulihamishia kahawa kwenye sufuria, tukakausha kopo la kahawa, na fataki yangu moja ikaingia humo, iwe ya mwenzangu.