Mwiko Uliotoka Kitengela Hadi Kibwezi

Shule za Kenya zilipofungwa kwa sababu ya korona Machi 2020, nusu ya maleba yetu yalikuwa yameshashonwa. Mchezo niliuandika mwenyewe likizo ya Krismasi: mama wa bwana harusi na mama wa bibi harusi wanagombania jiko, na mwiko mmoja unapokonywa mkono kwa mkono tangu onyesho la kwanza hadi la mwisho. Shule yetu ni ya bweni. Kufumba na kufumbua, waigizaji wangu tisa wakawa wametawanyika, mmoja Kisii, mwingine Voi.

Sikuugusa mswada hadi Juni, Mama Bwana (nitawaita kwa majina ya jukwaani) alipoandika kwenye grupu la WhatsApp: "Mwalimu, kwani drama imekufa?" Nikaona aibu.

Zoezi la kwanza tulilifanyia Zoom. Bando lilitusumbua, lakini kilichotumaliza ni ile sekunde moja ya sauti kuchelewa. Kichekesho ni kudakiana maneno: huyu hajamaliza, mwenzake keshamrukia. Mtandaoni ukimrukia mtu, sauti moja inamezwa. Kuimba pamoja ndiyo usiseme. Wimbo wa kumpokea bibi harusi ulitoka kama watu wanaokimbizwa na nyuki.

Kisha mwiko. Mama Bwana yuko Kitengela, Mama Bibi yuko Kibwezi. Nilitaka mmoja ausukume nje ya kisanduku chake, mwenzake aupokee upande wa pili. Kwenye simu yangu walikaa bega kwa bega.

"Sukuma kulia!"

"Kulia kwangu au kwako, Mwalimu?"

Kumbe kwenye simu ya Kibwezi mwenzake alikuwa juu yake, si ubavuni. Kila simu iliwapanga ilivyotaka. Tena mtu hujiona kama kwenye kioo, kwa hiyo mkono anaouona kulia, sisi tunauona kushoto. Jioni nzima ikaishia hapo. Na mwiko wenyewe ulitoka Kitengela ukiwa wa plastiki nyeusi, ukafika Kibwezi ukiwa wa mti, ncha imeungua.

Tukaachana na kuigiza moja kwa moja. Kila mmoja akajirekodi kwao, simu imelazwa kwa ubavu, ndugu yake akimsomea maneno ya mwenzake. Niliwaagiza wasubiri pumzi moja kabla ya kila jibu ili nipate pa kukata. Video wakanitumia kama dokumenti, maana WhatsApp ikizibana sura zinageuka ukungu. Bibi Harusi hakuwa na simu. Alitumia ya mamake, ambaye hurudi kutoka sokoni giza limeshaingia, basi nikaandika upya harusi nzima ikawa ya usiku, na taa yake ya sola ikawa taa ya jukwaa. Nilipenda zaidi hivyo kuliko nilivyoandika mwanzo.

Kwenye kipande kimoja baba wa mwigizaji anapita nyuma na ndoo, anaona simu, anasalimia: "Hamjambo?" Binti hakucheka hata kidogo. "Karibu, Baba, wageni wamefika." Sikukata hapo.

Tulionyesha Jumamosi moja ya Agosti, saa tatu na nusu usiku, kafyu imeshaanza na kila mtu yuko kwake. Zoom ya bure hukatika dakika ya 40. Mchezo ulikuwa wa dakika 34. Mwiko ulipovuka, nyanya wa mtu, maikrofoni wazi, akauliza: "Huo mwiko mbona umebadilika rangi?" Wazazi walicheka kuliko walivyocheka kwa mzaha wowote niliouandika.

Januari 2021 tulirudi sote, wakaomba kuucheza ukumbini, na mwiko wa mti ukaletwa kutoka Kibwezi. Mama Bwana akamaliza maneno yake. Mama Bibi akanyamaza. Nikangoja, kisha nikamuuliza kama amesahau.

"Sijasahau, Mwalimu. Nimekuachia pa kukata."